Papa Mbabula Yuko Mtandaoni

Mimi nauza mbabula, yale majiko ya makala, yaani makaa. Nazichonga mwenyewe kwa bati la mapipa makuukuu, uani kwangu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na majirani wanaamka kwa nyundo yangu wapende wasipende. Sasa niambieni, kuna biashara yenye ugomvi na simu kuliko hii? Umeme ukikatika, Lubumbashi nzima inatafuta mbabula. Lakini umeme ukikatika simu nazo zinazima, na ile ambayo haijazima mwenyewe anaibania chaji iliyobaki kwa ajili ya tochi. Tangazo langu ataliona nani? Umeme ukirudi, watu wanachaji, wanafungua, wanaiona mbabula yangu inang'aa na rangi mpya, wanaibandika moyo mwekundu, halafu wanakwenda kuwasha jiko la umeme.

Aliyenitia huku ni mtoto wa dada yangu, msomi wa kompyuta. "Mjomba, siku hizi usipoonekana haupo." Nikamwambia mimi naonekana, nimekaa kando ya barabara tangu alfajiri, mpaka mbuzi wa watu wananifahamu. Hakusikia. Akanifungulia WhatsApp ya biashara, Facebook, Instagram, TikTok, na kila mmoja una masharti yake kama mgonjwa wa sukari. Huku picha ya mraba, kule video ya wima, huku maneno marefu, kule usipomkamata mtu sekunde tatu za kwanza keshapita zake. "Na usirushe kitu kilekile kila mahali, Mjomba, watu wanachoka." Jamani, mbabula ni ileile! Ina miguu mitatu, matundu na mpini. Niipige picha imelala ubavu?

Statusi ndiyo inanimaliza. Unaipanga asubuhi, saa 24 zikiisha imefutika, uanze upya, na mega za intaneti zinaungua kushinda makala. Tena haionekani na mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Hata ile orodha ya kutuma ujumbe kwa watu 256 kwa mpigo, asiyekuhifadhi haumfikii. Basi kila mteja namwomba, mama, tafadhali nihifadhi. Wananihifadhi kweli, lakini jina wanajichagulia wao. Nusu ya Katuba sasa naitwa Papa Mbabula. Jumapili mchungaji kanikaribisha mbele ya waumini nitoe ushuhuda: "Apite Papa Mbabula." Mke wangu hajanisemesha mpaka tumefika nyumbani.

Makundi nayo, tusiseme. Kundi la familia nimeweka picha tatu na bei. Kabla mtu hajajibu, ikaingia habari ya kilio huko Kipushi. Pole sana, pole sana, Mungu awatie nguvu, pole sana, mbabula yangu ikazikwa kabla ya marehemu. Jioni shemeji mkubwa ananipigia. Nikajua huyu ameona tangazo. Ameliona! Anaomba mbabula nne kubwa za kupikia bukari, yaani ugali, ya waombolezaji. Za kuazima. Zimerudi mbili, moja haina mguu.

Kundi la washabiki wa Mazembe, timu yetu ya mpira hapa Lubumbashi, lina sheria: hakuna biashara. Pale mnaruhusiwa kubishana usiku kucha juu ya fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ya 2010 kule Abu Dhabi, kwamba Inter ya Italia wasingetufunga tatu kama kocha angefanya hivi na vile, lakini weka mbabula moja tu, unatolewa nje kwa kadi nyekundu. Nimetolewa. Mimi, ambaye redio yangu imeshika mechi za timu hii tangu wasimamizi wa kundi hawajaota meno.

Facebook ni nchi ya swali moja. Bei nimeiandika juu ya picha, kwa namba nene, kwa rangi ya njano. Maoni ya kwanza: "Bei?" La pili: "Bei gani papa?" La tatu anauliza kama naleta Kinshasa. Kinshasa! Mbabula ipande ndege, ikae dirishani, iombe maji! Na kwa sababu mimi ni mtu wa haki, msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, naandika chini kabisa: usilale na mbabula ya makala chumbani ukiwa umefunga mlango na madirisha, ile hewa yake haina harufu wala rangi, inaua mtu usingizini. Jambo la kweli, watu wanakufa. Mmoja akajibu: "Kumbe mbabula zako zinaua?" Akapata mioyo mingi kuliko mbabula.

Mpwa akasema nilipie ili tangazo lisukumwe mbele. Nikatoa simu nilipe kwa pesa ya simu, kama ninavyolipa kila kitu. Hapana, wanataka kadi ya benki. Mtu mwenye kadi ya benki na mtu anayechonga mbabula, mimi sijawahi kuwakuta ndani ya suruali moja.

Ikabaki TikTok. Mpwa akanisimamisha na nyundo, akasema tabasamu, gonga, geuka, tabasamu. Nikagonga. Na hiyo video, wapendwa, ilitembea. Simu inalia ting, ting, ting, mpaka nikaiweka chini ya mto. Asubuhi nakaa kusoma maoni, roho kwatu: "Yule mama wa nyuma anayekaanga mikate yuko avenyu gani?" "Mikate inavyovimba, jamani!" "Papa sogea kidogo, unamziba."

Ni Mama wa jirani. Hana Facebook, hana statusi, ana kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira. Sasa watu wanatoka mitaa ya Kenya (siyo ile nchi) na Kamalondo wanapanga mstari mpaka mbele ya mbabula zangu, wanazikalia wakisubiri mikate. Jana kaja mwenyewe, mikono imejaa unga. Anahitaji mbabula ya pili, kubwa, maana kazi imezidi. Kwa deni. Na bei ya ujirani. "Halafu, Papa Mbabula," anasema, "siku mkipiga tena ile video mnijulishe mapema, nivae kitenge kipya."