Kumgeuza mgonjwa nako ni amali

Bibi yangu alipata kiharusi mwezi wa Oktoba, korosho zikiwa zimeanza kudondoka. Mtu wa Newala hahitaji kuelezwa maana yake. Alfajiri kila mwenye nguvu yuko shambani anaokota, nyumbani anabaki mzee na watoto. Bibi tulimpenda. Uji alipata, kanga safi alivalishwa, wajukuu walimpepea. Lakini asubuhi tulimwacha amelala chali, na jioni tukamkuta chali vilevile. Wiki ya pili ngozi ya kiunoni ikawa nyekundu, ikachubuka, kisha ikaanza kutoa harufu.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote, akakaa miezi kadhaa akisaidia wodini kwenye hospitali moja huku kwetu. Aliingia, akaamkia, akanawa mikono. Akauvusha kifuani mkono wa bibi wa upande wa mbali, akakunja goti la upande huohuo, akaweka kiganja kimoja begani na kingine nyongani. "Bibi, nakugeuza sasa, unakuja upande wangu." Bibi akageuka bila kuguna. Mto ukaenda mgongoni, kanga iliyokunjwa ikaenda katikati ya magoti, visigino vikaachwa vining'inie visiguse kitanda. Kisha akachukua kipande cha mkaa akaandika ukutani: kushoto, chali, kulia. "Kila saa mbili, mama, usiku na mchana," akamwambia mama yangu.

Nimeona mafundi wengi, na ule ulikuwa ufundi. Una hatua zake, una sababu zake, na asiyeujua anaumiza mtu hata akiwa na mapenzi tele.

Ndiyo maana nauleta kwenye mjadala wa amali, yaani elimu ya ufundi na stadi za kazi. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania limefungua mkondo wa amali katika sekondari, na vidato vya kwanza vya mkondo huo vilianza Januari 2024. Nimeufurahia kwa moyo wangu wote. Lakini ukikaa na wazazi wa Mtwara au Lindi ukawauliza amali ni nini, watakutajia umeme, uashi, useremala, ushonaji, na siku hizi kompyuta. Hakuna atakayetaja kulea mtoto, kumtunza mzee, kumsikiliza aliyefiwa, kumwongoza mwenye ulemavu. Hizo tumezoea kuziita kazi za dada wa nyumbani.

Na dada huyo tunamtoa wapi? Tunamtoa huku huku. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam yanaondoka Masasi, Newala na Nachingwea na mabinti wa miaka kumi na saba, wengine chini ya hapo, wanaokwenda kukabidhiwa vichanga vya watu. Hajafundishwa afanye nini mtoto akipaliwa, homa ikipanda hadi degedege, au baba mwenye nyumba akivuka mipaka. Likitokea la kutokea, lawama ni zake.

Marekani, kwa miaka mingi huduma za jamii zimekuwa kundi rasmi la fani katika elimu ya ufundi ya sekondari: malezi ya watoto wadogo, ushauri nasaha, huduma kwa familia. Elimu hiyo inapata fedha za serikali kuu kupitia sheria ya Perkins ya 1984, iliyohuishwa mara ya mwisho 2018. Mwanafunzi wa huko aliye kwenye fani ya malezi anaweza kuanza kutafuta cheti cha mlezi akiwa bado sekondari. Cheti hicho kinadai saa 120 za masomo na saa 480 za kukaa na watoto wenyewe. Saa 480! Ndiyo tofauti ya kulea kwa kubahatisha na kulea kwa kujua. Sisemi tunakili kila kitu, maana hata kwao walezi wanalipwa kidogo. Nasema wamekubali kwamba hili ni somo.

Na sisi wa kusini tulishalikubali zamani. Kungwi alikuwa nani kama si mwalimu wa fani hii? Alifundisha kwa nyimbo, kwa vitendo, kwa kurudia hadi mwari akaweza, na aliheshimiwa kijiji kizima. Mengine ya unyago yamewasukuma watoto wa kike kwenye ndoa mapema, na hayo yafe kabisa. Lakini wazo kwamba kumtunza binadamu kunafundishwa, kwa muda maalumu na kwa mtu anayejua, ni letu.

Kazi nazo zipo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umelenga watu 137,294, wawili kwa kila mtaa na kitongoji, kwa mafunzo ya miezi 6. Vituo vya kulelea watoto mchana vinaongezeka, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka visajiliwe. Wanawake wanaobangua korosho wanahitaji pa kuacha watoto, si kwa dada mtu wa miaka tisa. Kijana aliyeanza kujifunza kidato cha kwanza angefika huko akiwa na mikono iliyozoea.

Mtwara mjini tuna vyuo vya ualimu, tuna chuo cha ufundi cha VETA, tuna hospitali ya mkoa ya Ligula. Lindi nao wana VETA yao na hospitali ya Sokoine. Shule moja tu ya kata ikianza na darasa la wanafunzi ishirini, siku mbili kwa wiki kwenye kituo cha watoto au wodini, chini ya muuguzi na afisa ustawi wa jamii, haihitaji karakana ya mamilioni. Inahitaji kitanda, mwanasesere, beseni, na mwalimu anayeheshimiwa.

Na wavulana wawemo, tena wawe wengi. Zamu ya saa nane usiku pale nyumbani ilishikwa na mdogo wangu wa kiume. Mjomba alinung'unika kwamba hiyo si kazi ya mwanamume, lakini utani wa bibi na mjukuu ukarahisisha mambo; bibi akawa anamwita "mume wangu" kila akigeuzwa. Kidonda kilifunga kabla ya Krismasi. Mdogo wangu anajua hadi leo jinsi ya kumnyanyua mtu mzima bila kumuumiza wala kuumia mgongo, na anaweza kuiona ngozi inayotaka kuharibika kabla haijaharibika. Juzi alijaza fomu ya kuomba kazi. Penye ujuzi akaandika: kuendesha bodaboda.