Babu Obsolete

Mwalimu wangu wa Kiingereza, Mungu ampe afya alipo, alitufundisha kwamba msomi harudii neno. Ukiandika "old" mara mbili kwenye insha moja, kalamu nyekundu inakungojea. Basi nikajiwekea kadaftari. Ukurasa wa "old" peke yake ulikuwa na maneno 11, nimeyapanga wima kama majina ya watu wanaonidai: aged, ancient, antique, elderly, vintage, obsolete na wenzao. Maana zao sikuziandika. Za nini, na yote ni "old"?

Kadaftari hako ndiko nilikoingia nako kwenye kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe wa Unguja. Na tazama bahati ya mtu: nenda Ngome Kongwe, wao wanaiita Old Fort. Teremka ufukweni mpaka lile jengo la roshani za mbao, lile ambalo tajiri Tharia Topan aliliwekea msingi na halikukamilika mpaka 1894, baadaye chini yake pakawa pa kutolea dawa: Old Dispensary. Kila kona "old". Nikasema leo ndiyo leo.

Wageni wangu wa kwanza bila msimamizi walikuwa babu na bibi kutoka Uingereza, na mjukuu wao wa kike. Babu mrefu kama mnazi, mkongojo mkononi, kichwani kofia ya ukindu aliyouziwa asubuhi kwa bei ya kofia tatu. Kila akipiga hatua mfuko wa shati unalia chaka-chaka. Kikopo cha vidonge.

Ngomeni nilianza vizuri. Nikawaeleza Waomani walivyoijenga baada ya kumng'oa Mreno mwishoni mwa miaka ya 1600, nikafunga kwa kusema ngome hii ni "very aged". Wakaitikia kwa vichwa. Tukasogea Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultan Barghash ya 1883, ambayo upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020. Nikawatangazia kwa huzuni kwamba nyumba hii ni "elderly", maskini, ndiyo maana ikaanguka. Mjukuu akaziba mdomo. Mimi nikajua ni uchungu umemshika.

Jua likawa kali, babu akaanza kuhema. Tulikuwa mbele ya duka linalouza masanduku ya njumu na milango ya kuchonga. Sasa hapa ni lazima nijieleze. Mzee wa rika lile huwezi kumwita hivihivi tu, lazima umpambe. Nikapekua kichwani nikitafuta neno zito, neno la kuvaa suti. Katika yale 11, lililokuwa na sauti ya Mheshimiwa kuliko yote ni moja. Nikampigia kelele mwenye duka, tena kwa Kiingereza, ili heshima imfikie mgeni mwenyewe:

"Please, a chair for this obsolete gentleman!"

Babu akasimama kama saa iliyoishiwa betri. Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika misumari ya shaba ya mlango asianguke, akasema miaka 46 ya ndoa amekuwa akilitafuta neno hilo na hakulipata. Kicheko cha mteja kitamu, nacho kikanipa kichwa. Nikamgeukia na yeye, mkono kifuani:

"And you, madam, you are antique."

Kicheko kikakatika kama umeme.

Mjukuu akaniomba kadaftari. Akaanza kunieleza taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Elderly ni mtu, si nyumba. Vintage ni mvinyo, au gari la zamani linalotunzwa. Antique ni lile sanduku pale dukani, lenye karatasi ya bei. Na obsolete ni simu yake ya zamani iliyolala kabatini, kwa kuwa chaja yake haitengenezwi tena. Kwa hiyo asubuhi moja nimeipa nyumba umri wa bibi, bibi nikampa bei ya sanduku, na babu nimemtangaza hadharani kuwa hana chaja.

Nikawapeleka Jaws Corner niwanunulie kahawa, ndiyo fidia niliyoimudu. Wazee wanapiga dhumna, muuza kahawa kashika dele lake, ndevu nyeupe pe. Babu akatoa kikamusi mfukoni, akapekua, akavua kofia. Kumbe na yeye alikuwa amejiandaa.

"Shikamoo, mzee kuukuu."

Dhumna ikanyamaza. Kete moja imebaki juu mkononi mwa mtu.

"Mwanangu," muuza kahawa akaniuliza bila kunitazama, "huyu mgeni wako kanambiaje?"

Nikachungulia kikamusi. Kwenye "old" yamepangwa: -zee, -kongwe, -kuukuu, chakavu. Babu wa watu alidhani ukiongeza la pili heshima inakuwa maradufu. Nilimwonea huruma kama ndugu yangu wa damu, na nikashukuru kwamba hakuteremka mpaka chakavu.

"Mwambie," akasema muuza kahawa, akimmiminia, "kuukuu ni kanzu iliyokwisha tobolewa na panya. Miye ni mkongwe."

Babu akataka tafsiri. Nikafungua mdomo, nikakumbuka nilipofikia na maneno yangu 11, nikaufunga. Kisha nikamwonyesha kwa mkono upande wa baharini: kama ile ngome ya asubuhi.

Babu akamtazama muuza kahawa, akamtazama tena, akatoa kikopo chake na kukitikisa, chaka-chaka. Akaniagiza nimwambie mwenzake kwamba, kama ni hivyo, yeye ni Old Dispensary.

Nilipofasiri, kahawa ilimwagikia dhumna.