Diski hazijapinda, bwana

Nimeambiwa kwa mara ya tatu ndani ya miezi kumi na minne kwamba diski za breki za mbele za pikapu yangu "zimepinda kwa joto." Mara ya tatu! Chuma kinene vile, tena cha kumwagwa, nacho kila baada ya miezi michache kinajikunja kama chapati. Na dawa yake, bila shaka, ni kununua nyingine.

Mara mbili za kwanza nilinunua kama mtoto mwema. Dalili unazijua: ukifika kilomita 80 kwa saa ukagusa breki, usukani unaanza kutetemeka mikononi na pedali inakupigapiga unyayo. Diski zikabadilishwa, pedi zikabadilishwa, na gari ikawa tamu ajabu. Fundi akalipwa, akasifiwa, na namba yake nikawapa rafiki zangu. Baada ya kilomita elfu tano hivi, mtetemo ukarudi pale pale.

Sasa huo utamu wa mwanzo ndio unaotudanganya wote, na ndio ulionipandisha hasira hadi nikaandika haya. Safari hii niliomba spana nikafungua mwenyewe. Fundi alicheka, akavuta kigoda akakaa kunitazama. Diski ilikuwa imeng'ang'ania, nikaipiga nyundo ya mpira mpaka ikaachia. Nyuma yake, kwenye uso wa habu, yaani kile kitovu cha gurudumu diski inapokalia, nikakuta kutu. Si ule wekundu wa juu juu, ni magamba kabisa, mengine yananyanyuka kwa ukucha. Na juu ya magamba hayo kulikuwa na alama safi ya duara pale diski "mpya" ilipokalia. Maana yake mara zote mbili diski ilipachikwa juu ya uchafu, nati zikakazwa kwa mashine, kazi imekwisha, karibu tena mteja.

Fikiria gamba moja lenye unene wa milimita 0.05, jembamba kuliko unywele, limekaa upande mmoja wa habu. Diski ni pana kuliko habu, kwa hiyo ule mwinamo mdogo ukifika kwenye ukingo wa diski unakuwa kama maradufu. Kwa diski hiyo ni mwingi. Lakini siku hiyo husikii kitu, kwa sababu kalipa, ile koleo inayobana pedi kwenye diski, inacheza kidogo na kuufuata. Shida inaanza ukiwa unaendesha bila hata kugusa breki. Kila gurudumu linapozunguka, sehemu ile ile ya diski inapita ikiisugua pedi, mamia ya mara kwa kila kilomita, na inalika polepole. Mwishoni diski inakuwa nyembamba hapa na nene pale. Ukikanyaga breki, pedi zinapanda na kushuka, mafuta yanasukumwa kurudi, mguu wako unapokea salamu. Hakuna kilichopinda. Kimelika, tena kwa kosa la yule yule aliyekiweka.

Sawa, joto lipo, sibishi. Anayeshuka mteremko mrefu na mzigo juu huku amekanyaga breki mwanzo mwisho badala ya kuweka gia nzito, huyo ataunguza pedi na diski zitapasuka nyufa. Na pini za kalipa zikikauka, pedi moja inakwisha wakati mwenzake bado mpya. Hayo tusiyachanganye na habari yangu.

Habari yangu ni brashi ya waya. Brashi, msasa, na dakika kumi kwa kila gurudumu: sugua uso wa habu mpaka chuma king'ae, sugua kuzunguka kila boliti, maana pale ndipo gamba hujificha, kisha pitisha kidole. Kidole kinasikia kile jicho halioni. Diski mpya nayo ioshwe yale mafuta yake ya kuzuia kutu, na nati zikazwe kwa spana ya mkono, kwa kuruka, ya huku kisha ya kule. Kalipa, nakuomba, ifungwe kwa waya. Nimechoka kuona kalipa inaning'inia kwenye mpira wake wa breki kama popo.

Lazima nikiri jambo, ingawa silipendi. Mara ya kwanza ile, fundi alipokuwa anafungua, nani alikuwa amesimama nyuma yake anatazama saa? "Fanya chapu, kaka, nachelewa." Dakika ishirini za kusugua kutu hakuna mteja anayetaka kuzilipia. Mimi nisingezilipia.

Basi mara hii ya tatu sikununua. Diski zangu zilianza na unene wa milimita 28, na ukingoni pamechapwa MIN TH 26, yaani zisipungue milimita 26. Nikazipima kwa maikromita: 27.6 pale penye unene. Nikazipeleka kukerezwa, zikarudi na 27.2, nikazirudisha kwenye habu iliyosuguliwa mpaka mkono ukaniuma, na pedi mpya. Kabla ya kuondoa gari nikakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, maana pistoni za kalipa, zile zinazosukuma pedi, zikisharudishwa ndani, mguu wa kwanza unakanyaga hewa. Ukisahau hilo utalikumbuka ukiwa tayari unakwenda.

Sasa nimepita kilomita elfu kumi na moja. Usukani umetulia.

Fundi alipoijaribu gari akaniuliza diski hizi nilizipata wapi. Nikamwambia ndizo zile zile alizosema zimepinda. Akanyamaza, akarudi kuinama kwenye gurudumu la gari nyingine, kisha akaniomba nimwazime ile brashi mara moja. Hajairudisha. Nimenunua nyingine.