Wahadzabe wanatembea sana, mbona kalori hazipandi?

Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na mwanaanthropolojia Mmarekani Herman Pontzer, pamoja na Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanya chakula wa karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8, lakini ukishazingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Tangu hapo wapo wanaodai kwamba mazoezi hayana maana. Utafiti haukusema hivyo.

Kipimo chenyewe ni cha kuaminika. Mtu hunyweshwa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha huchukuliwa mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni hutoka mwilini kupitia maji pekee. Oksijeni hutoka kupitia maji na pia kabonidioksidi, gesi ambayo mwili huitoa unapounguza chakula. Tofauti hiyo huonyesha mwili umeunguza kiasi gani, mchana na usiku. Njia nyingine zina mapungufu: dodoso hutegemea kumbukumbu, na saa ya mkononi huhesabu hatua tu. Mama wa Kihadzabe aliyeketi chini akichimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, mtoto akiwa mgongoni, kwa kihesabu hatua hajafanya lolote. Jasho lake lote limo katika hesabu ya maji.

Basi zile kilomita 11.4 zinalipiwa na nini? Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi kwingine, kwa mfano katika kinga ya mwili inayoleta uvimbe wa ndani, na katika homoni za msongo. Ikiwa ni hivyo, faida ya kutembea imo humohumo katika kubana huko. Vipimo vya mapigo ya moyo vilivyochapishwa mwaka 2017 vinalingana na hoja hii: Wahadzabe hujishughulisha kwa nguvu ya wastani au zaidi kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo kwao ni chache mno. Shirika la Afya Duniani linatutaka angalau dakika 150 kwa wiki. Wao huzimaliza ndani ya siku mbili.

Wakosoaji wana hoja. Watu 30 ni wachache. Wahadzabe ni wadogo wa umbo, hivyo kalori zao kabla ya marekebisho ni pungufu, na hitimisho zima linategemea namna ya kurekebisha. Tena kipimo cha maji hutoa jumla tu, hakisemi nishati ipi ni ya kutembea na ipi ya kulala, na ni ghali, kwa hiyo dodoso litabaki kwenye tafiti za maelfu ya watu.

Hayo nayakubali. Kinachonisumbua ni mgonjwa anayeambiwa atembee ili apungue, mizani ikagoma, naye akaacha kutembea. Huyo angepimwa shinikizo la damu kabla hajakata tamaa, na suala la uzito lizungumzwe kwa kuangalia anachokula.