Shilingi moja ya Kenya kwa ishirini za Tanzania: tulipoteza nini hasa?

Pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kabla hujafika kwenye jengo la uhamiaji, utakutana na vijana wenye vibunda vya noti mkono mmoja na kikokotoo mkono wa pili. Mara ya mwisho nilipopita, mama mmoja mbele yangu alikuwa ametoka kuuza vitunguu vya Mang'ola upande wa pili. Alitoa noti kumi za elfu moja za Kenya, akapewa noti kumi na tisa za elfu kumi za Tanzania. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga. Kijana aliyekuwa nyuma yetu akasema kwa sauti: "Zetu hizi ni za madafu tu," yaani hazina thamani.

Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni na inaniuma, kwa sababu shilingi hizi mbili zilianza zikiwa sawa. Hadi 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka huo kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa noti zake, zikiwa na thamani sawa. Shilingi ya Tanzania ilikuwa shilingi ya Kenya, na dola ilikuwa shilingi saba na senti kidogo kwa wote. Leo moja ya Kenya ni kama ishirini za kwetu. Wanaosema tulishindwa kulinda fedha yetu wanaanzia hapo, na hesabu yao haina kosa.

Ila rudi kidogo hadi 1983. Kenya ilikuwa imeshashusha thamani ya shilingi yake mara kadhaa, na dola ikawa kama shilingi 13 Nairobi. Dar es Salaam ilikuwa kama shilingi 11. Kwa karatasi, basi, shilingi ya Tanzania ilikuwa na nguvu kuliko ya Kenya! Na huo ndio mwaka ambao maduka ya RTC, kampuni za serikali za biashara mikoani, yalikuwa na rafu tupu, watu wakipanga foleni alfajiri kungojea sabuni, huku serikali ikiwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Bidhaa za Kenya zilipita kwa magendo, na aliyeuza hakutaka shilingi yetu kwa bei ya serikali. Mtaani dola ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko benki.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba shilingi yenye nguvu ni fahari, nauliza: fahari ya 1983 ilimlisha nani? Mkulima wa kahawa Kilimanjaro alilipwa kwa kiwango hicho cha karatasi, akanyang'anywa sehemu ya jasho lake bila mtu kumgusa mfukoni. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kushusha thamani ya shilingi kukiwa mojawapo. Mwalimu alikuwa na hoja nzito: kushusha thamani kunapandisha bei ya dawa, mafuta na mbolea kwa maskini. Lakini vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza akiba ya fedha za kigeni, na kilichokuwa kinazuiwa mezani kilikuwa kimeshatokea mtaani.

Hapo wa upande wa pili hufurahi na kusema: basi namba ni namba tu, ishirini au moja hakuna tofauti. Hao nao sikubaliani nao. Juni 1984 dola ilipandishwa hadi shilingi 17. Kufikia 1995 ilikuwa zaidi ya 570. Aliyeweka benki shilingi 10,000 mwaka 1984 alikuwa na karibu dola 590. Miaka kumi na moja baadaye, ukiacha riba, shilingi zile zile zilinunua dola 17. Mkenya naye aliumia, maana dola yake ilitoka kama 14 hadi 51, lakini si kwa kiasi hicho. Waalimu na manesi waliostaafu katika miaka hiyo hawakuambiwa kwamba akiba yao ni namba tu. Waliiona ikiyeyuka.

Pengo hili, basi, lilichimbwa zaidi katika muongo mmoja. Mwaka 1995 moja ya Kenya ilikuwa kama 11 za kwetu, na 2000 ilikuwa bado kati ya 10 na 11. Ilipita 20 karibu na 2015, na miaka kadhaa baadaye ikarudi nyuma. Januari 2024, Kenya ikiwa na hofu ya deni la dola bilioni mbili la kulipwa Juni, dola ilifika shilingi 160 Nairobi, na moja ya Kenya ikashuka chini ya 16 zetu. Februari Kenya ikakopa upya kulipia sehemu kubwa ya deni lile, na kufikia mwisho wa Machi moja yao ilikuwa tena zaidi ya 19 zetu.

Weka hapo mama wa vitunguu. Mzigo wa shilingi 100,000 za Kenya ungempa takribani milioni 1.57 Januari, na karibu milioni 1.95 mwishoni mwa Machi. Vitunguu ni vile vile, gunia ni lile lile. Hasara yake haitoki kwenye ishirini kuwa kubwa au ndogo. Inatoka kwenye kuyumba, na kwenye njia ya kubadilishia. Benki hupima kila shilingi kwa dola kwanza, kisha hugawanya, na kila hatua ina makato yake. Ndiyo maana humwoni benki. Yuko kwa kijana mwenye kikokotoo, ambaye hununua ya Kenya kwa kumi na tisa na kuiuza kwa ishirini.

Itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikalenga 2024, sasa inatajwa 2031. Naiunga mkono kwa shaka, kwani nchi isiyo na shilingi yake haiwezi kuilegeza mavuno yakianguka. Lakini mfumo wa kulipana moja kwa moja kati ya benki zetu, bila kupitia dola, hauhitaji kungoja sarafu moja. Ukimfikia yule mama kwenye simu yake, kwa makato anayoyaona kabla ya kubonyeza, sehemu ya shilingi moja anayoiacha sasa kwa kila ishirini ingebaki kwenye ncha ya kanga yake.