Kabla ununue woofa kubwa, piga kofi kwanza

Jamani tuongee hii maneno ya sauti kwa nyumba, juu kila wiki naona mtu hapa Kisumu amenunua woofa kubwa kushinda ya jirani na bado muziki wa benga unatoka kama imefungiwa ndani ya tangi la maji. Shida si woofa. Shida ni chumba.

Nyumba nyingi za kupanga huku ni kuta ngumu za plasta, taili chini, madirisha makubwa ya vioo, hakuna kitu laini cha kumeza sauti. Simama hapo sebuleni upige kofi moja la nguvu, ukisikia trrrr nyuma yake ujue sauti inarukaruka kati ya kuta mbili. Na benga vile ilivyo, gitaa zinajibizana haraka haraka, noti moja haijaisha nyingine imeshaingia, sasa ukiongezea mwangwi unabaki na uji tu.

Wengi hapo wanakimbilia trei za mayai. Mimi pia nilibandika, ukuta mzima, na nakuomba usifanye hivyo. Zinapunguza kidogo zile sauti nyembamba za juu, besi haziigusi kabisa, na moto ukishika ni hatari. Piga hesabu: sauti inaenda karibu mita 345 kwa sekunde kwa hili joto letu, chumba changu ni mita 3.5 kwa 3.5, kwenda na kurudi ni mita 7, kwa hivyo chumba chenyewe kinavuma kwa kama Hz 49, yaani mitetemo 49 kwa sekunde, na hapo ndipo noti ya G ya chini ya gitaa la besi inakaa. Wimbi lake lina urefu wa mita 7! Trei ya sentimita chache italifanya nini? Tena chumba cha mraba ni kibaya zaidi, juu pande zote mbili zinavumia noti ile ile, ndio maana kwangu noti moja ilikuwa inatingisha sufuria na zingine husikii.

Kitu ilinisaidia sana haikunigharimu hata shilingi. Nilitoa spika kwa kona, kona inafurisha besi, nikasogeza kiti mbali na ukuta wa nyuma lakini si katikati kabisa, pale katikati hiyo besi inapotea. Halafu ukiwa umekaa, mtu akutembezee kioo kwa ukuta wa kando, pale utaona spika ndani ya kioo ndipo sauti inagonga kabla ikufikie, weka kitu kinene hapo. Zangu ni blanketi za mitumba kutoka soko la Kibuye, zimekunjwa zikajazwa kwa fremu za mbao za sentimita 15, fundi akafunika na kitenge. Zingine mbili nimesimamisha kwa kona. Si maajabu mapya, mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine kule chuo cha Harvard, Marekani, alikuwa anabeba mito ya viti vya thieta usiku akipima vile inameza mwangwi wa ukumbi.

Mvua ikigonga mabati na huna silingi, hapo zima tu ungoje.

Juzi usiku nilicheza rekodi ya nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, ambayo ninayo miaka mingi, na nikasikia wazi ile pete ya chuma ya kidole cha mguu cha mpigaji ikigonga ubao, ko, ko, ko, kando kabisa ya nyuzi. Sikuwahi kuisikia kwa hiyo rekodi.