Mafuta ya Nazi kwenye Jakuzi

Jakuzi letu hapa Leicester ni la kujaza upepo, lita 800, na kila yuniti ya umeme inayoingia humo naijua kwa sura. Kupasha maji ya bomba ya nyuzi 12 yafike 38 kunakula yuniti 24 hivi. Kwa peni 25 yuniti moja, hizo ni pauni 6 kabla hujalowesha hata kidole. Hita ni ya kilowati 2, kwa hiyo hesabu saa 12, na wakati wa baridi ongeza.

Ndiyo maana nyumba hii ina sheria. Chini tumetandika mkeka wa sponji, maana ardhi ya Novemba inanyonya joto kimyakimya. Juu ya maji linaelea blangeti la plastiki, kisha kifuniko, mikanda yote imebanwa. Katikati ya wiki nashusha hadi 30, kwa kuwa maji yasiyo moto sana hayapotezi joto kwa kasi ileile. Wako wanaoapa kwamba kuliacha 38 wiki nzima ni nafuu zaidi. Hao wana hela. Mapovu nayo mwisho dakika 5: ile mashine inapuliza hewa ya baridi ndani ya maji niliyoyalipia, na kwa plagi ya ampea 13 mtambo wetu hauwezi kuwasha hita na mapovu kwa pamoja.

Shangazi, aliyetujia kutoka Mombasa, alizisikiliza sheria zote kwa adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, sufuria lote hili mnampikia nani?"

Jumamosi akaambiwa aoge kwanza, asuuze sabuni yote. Akaoga, akasuuza. Kisha, akiwa safi kabisa, akajipaka mafuta ya nazi kutoka kisiginoni hadi utosini, chupa nzima aliyoinunua sokoni Kongowea, kwa sababu goti linamsumbua na maji ya moto "yataingiza dawa mifupani." Akaingia na dera lake. Mapovu yalipowashwa, dera likavimba, likapanda, Shangazi akapotea nyuma ya maua ya rangi ya chungwa. Sauti tu ndiyo iliyosikika: "Usizime!"

Jumapili tulikuwa harusini Birmingham. Jumatatu tukakuta mtambo unapiga king'ora, kioo kinaonyesha hitilafu ya mtiririko. Filta ya mitambo hii ni kitambaa mfano wa karatasi, kimekunjwakunjwa. Ikipakwa mafuta, pampu haivuti maji ya kutosha, na hita inajizima yenyewe isije ikaungua. Mikanda ya kifuniko nayo haikubanwa. Maji yalikuwa nyuzi 19, na mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Nilipofunua nikakuta utando mweupe umetanda ukuta hadi ukuta, na unywele mmoja wenye hina umenasa katikati. Karatasi ya kupimia klorini, inayotakiwa isome 3 hadi 5, haikubadilika rangi hata chembe: dawa ya kuua vijidudu ilikuwa imekwisha majini.

Wengi wangekimbilia kumwaga. Sikubaliani nao. Maji yakishuka, utando unashuka nayo na kugandia kwenye kuta na mdomo wa bomba, halafu unajaza maji mapya juu ya mafuta ya zamani. Kopoa kwanza yakiwa bado baridi, pampu ikiwa imezimwa. Toa filta uitupe, weka mpya; iliyoshiba mafuta kiasi hicho ukiiosha kwa sabuni ya vyombo, mabaki ya sabuni yatakutolea povu hadi kwa jirani. Baada ya hapo mwaga kwenye bomba la maji machafu, si kwenye mfereji wa mvua, pangusa kuta, ndipo ujaze upya. Pauni 6 nyingine.

Nilikuwa natafuta cha kukopolea, Shangazi akatokea jikoni na upawa mkononi na ile chupa yake tupu. Akaanza kazi bila kuulizwa, anakusanya utando, anaudondosha chupani, anapiga kitako cha chupa ushuke.

"Shangazi, hayo yana vijidudu. Na jasho."

"Yangu mwenyewe jasho."

"Huwezi kupikia!"

"Nani kasema napikia?" Akafunga kifuniko, akakikaza. "Haya ni ya goti la kushoto."